Kompyuta mpya, bodi mbovu: usikubali kuambiwa "itumie hivyo hivyo"

Mpwa wangu anasoma Egerton, pale Njoro, na riziki yake ya pembeni ni kuhariri video za harusi. Mwaka huu mamake aliuza bangili ya dhahabu ili kijana apate kompyuta ya maana kabla ya harusi za Mfungo Mosi. Akanunua vifaa kimoja kimoja katika duka moja mjini Nakuru, akaiunga mwenyewe. Ikawaka. Lakini alilipia memori ya giga 16, na kompyuta ikasoma 8.

Alinipigia simu nami niko Nakuru kikazi. "Shikamoo mjomba. Muuzaji asema niitumie hivyo hivyo, maadamu inawaka." Nikamwambia nitapita baada ya Magharibi.

Mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, si rahisi kuushtaki, kwa sababu kosa la jirani zake huonekana kama lake. Nilipokuwa nikisomea diploma Mombasa Polytechnic, ubovu wake ulionekana kwa macho: kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zilivimba vichwa kama mahamri. Miaka ya mwanzo ya 2000 bodi nyingi duniani zilikufa kwa maradhi hayo. Siku hizi bodi yaweza kumetameta na ni mbovu. Huna budi kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja.

Tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, tukagusa chuma tupu cha kasha. Umeme wa mwilini, hasa ukivaa sweta kwa baridi ya Nakuru, huua chipu bila wewe kuhisi. Kijiti kimoja cha memori tukakiweka nafasi ya pili: ikawaka. Tukakitoa, tukaweka cha pili pale pale: ikawaka. Basi vijiti vyote ni vizima. Tukahamia nafasi ya nne: feni zazunguka, skrini giza. Ya tatu nayo giza.

Wengi wangeilaumu bodi papo hapo. Ngoja. Nafasi hizo mbili zina njia yao moja ya kwenda kwa prosesa, na ni prosesa inayosoma memori. Pia chini ya prosesa ya Intel, kwenye bodi, kuna sindano ndogo zaidi ya elfu moja. Moja ikipinda, nusu ya memori yaweza kupotea, na muuzaji atasema ni mkono wako. Huenda ikawa kweli. Tukalegeza skrubu za feni ya prosesa, maana ikikazwa upande mmoja huleta dosari hiyo hiyo. Hapana. Tukaazima prosesa ya rafikiye: giza vile vile. Tukamulika sindano kwa tochi ya simu, zote zimenyooka. Tukapiga picha.

Risiti iliandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudi. Mstari huo haufuti haki yako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, zinamtaka mwenye duka auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Na sisi Waislamu khiyari ya kurudisha bidhaa yenye ila si jambo geni.

Hatukufika huko. Muuzaji alizitazama picha, akaijaribu bodi mezani pake kwa vijiti vyake mwenyewe. Giza. Akaomba kifuniko cha plastiki cha kukinga sindano, ambacho kijana nusura akitupe siku ya kwanza. Kitunzeni, jamani, bodi hukataliwa kwa kukosa kijiplastiki hicho.

Nyingine ilitoka Nairobi siku ya nne. Sasa inasoma 16, na kazi ya kwanza imeshaingia: saa sita za harusi ya Likoni.