Ningu na Njia Yake ya Mtoni

Mwanafunzi wa Musoma, Bunda au Butiama akiulizwa majina ya samaki wa Ziwa Victoria, hujibu upesi: sato, sangara, dagaa. Ni wachache watakaomtaja ningu. Lakini zamani ningu alikuwa miongoni mwa samaki waliovuliwa kwa wingi sana katika mito iingiayo ziwani. Basi yafaa tujue amepatwa na nini, na kama aweza kurudi.

Ningu ni samaki wa asili wa ziwa letu na mito yake. Hapatikani kwingine duniani. Mdomo wake uko chini ya kichwa, naye huutumia kukwangua mwani na vitu laini vilivyotua juu ya mawe na matope. Siku nyingi hukaa ziwani. Mvua za masika na za vuli zinyeshapo na mito ikafurika, ningu hukusanyika midomoni mwa mito, kisha hupanda juu kwa makundi kushindana na mkondo. Hutaga mayai katika majani yaliyofunikwa na mafuriko. Maji yapunguapo, wazazi na watoto huteremka tena mpaka ziwani.

Desturi hiyo ndiyo iliyomponza. Katika miaka ya 1950 nyavu za makila za nailoni zilienea ziwani. Wavuvi walizitega midomoni mwa mito wakati wa mafuriko, wakamnasa ningu akiwa na mayai tumboni, kabla hajataga hata mara moja. Mavuno yalikuwa makubwa kwa muda, halafu yakaanguka. Sangara naye, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawa adui mwingine. Leo ningu ameandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka.

Mto Mara bado una ningu, na hili ni jambo la heri. Mto huo watoka milima ya Mau nchini Kenya, wapita Serengeti, kisha waingia katika kinamasi kikubwa cha mafunjo na kupita chini ya daraja la Kirumi kabla ya kufika ziwani karibu na Musoma. Urefu wake ni kilometa 395 hivi. Lakini mto nao una maradhi. Misitu ya Mau imekatwa, udongo wateremka na maji, na Machi 2022 maji yalibadilika rangi na samaki wengi wakafa.

Je, samaki aliyefungiwa njia aweza kurudi? Huko Marekani, katika mto Elwha, kuta mbili za kuzuia maji ziliwafungia njia samaki kwa miaka 100 hivi. Ziliondolewa kati ya 2011 na 2014, na trauti wa asili waendao baharini wakaonekana tena wakipanda juu. Hapana aliyewafundisha njia. Walifunguliwa mlango tu.

Kwetu ukuta si wa saruji. Ukuta wetu ni nyavu zilizotegwa mdomoni mwa mto. Wataalamu wa Uganda na Kenya wamefaulu kuzalisha ningu katika mabwawa ya kufugia, lakini kifaranga hana faida akitiwa katika mto uliofungwa. Kwanza hatuna budi kuuacha mlango wazi wakati wa mvua. Pili, tulinde kingo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni.

Ni kweli kwamba mvuvi ana watoto wa kulisha, na wiki za mafuriko ndizo za mavuno mepesi. Lakini ningu mmoja mwenye mayai ni chakula cha siku moja. Akiachwa apite, ni samaki wa miaka mingi ijayo.