Paneli za povu: ukuta ni imara, lakini jirani anasikika

Mnunuzi wa nyumba nchini Kenya akioneshwa ukuta wa paneli, kwanza huugonga. Asiposikia kimya cha jiwe la kujengea la Ndarugo, huguna na kuuliza kama mwizi hataupasua kwa jembe. Biashara hii imelijibu swali hilo kwa miaka sasa, na Shirika la Taifa la Nyumba (NHC) lina kiwanda chake cha paneli Mavoko, Machakos.

Jibu ni kwamba povu halibebi kitu. Asilimia 98 yake ni hewa. Limebanwa kati ya nyavu mbili za chuma zilizounganishwa kwa vijiti. Paneli hufungwa kwenye nondo za msingi, kisha saruji hurushwa kwa mashine pande zote mbili, kwa kawaida milimita 25 hadi 35 kila upande. Tabaka hizo ndizo zinazobeba. Mkandarasi anayepunguza milimita 10 ili kuokoa mifuko ya saruji hajapunguza urembo, ameiba ukuta wenyewe.

Sauti ni habari nyingine. Wauzaji husema kwa pumzi moja kwamba paneli "inazuia joto na sauti". Kuhusu joto, sina ubishi. Sauti huzuiwa na uzito: ukiongeza uzito wa ukuta maradufu, unapunguza desibeli 6 hivi. Povu lenye kilo 15 kwa mita ya ujazo, mbele ya zege la kilo 2,400, halichangii lolote la maana.

Wamarekani wanalijua hilo. Alden B. Dow alijenga nyumba za paneli zenye povu Midland, Michigan, mwaka 1952. Paneli zao za leo huvikwa mbao zilizoshindiliwa, mara nyingi za milimita 11, hivyo ni nyepesi kuliko zetu. Anayetaka utulivu hufunga bodi za jasi juu ya reli zinazonesa, mtetemo usipite moja kwa moja.

Huku kwetu uvujaji mwingi wa sauti huanzia kwa fundi umeme: soketi mbili zimetobolewa mgongo kwa mgongo, na sebule mbili zimekuwa moja.

Kabla hujalipa amana, dai unene wa plasta uandikwe kwenye mkataba. Kisha mwombe muuzaji awashe redio chumba cha pili, ufunge mlango, usikilize.