Makumbusho na makanisa ya Ulaya: wapi ulipe, wapi uingie bure

Anayetoka Butembo kwenda kumtembelea ndugu Brussels, pesa nyingi imemtoka kabla hajaona hata mchoro mmoja: ndege hadi Kinshasa kuomba visa, euro 90 za Schengen ambazo hazirudishwi hata ukinyimwa, kisha tikiti ya safari yenyewe. Akishafika, kila bei ya mlangoni humwonekea ndogo. Ndipo mfuko unapotoboka.

Chukua Louvre ya Paris. Tangu Januari 2026, mgeni asiye raia wala mkaazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya analipa euro 32. Shemeji yako mwenye makaratasi ya Ubelgiji analipa 22, na foleni ni ileile. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, kwa hiyo baba na mama kutoka kwetu wanatoa 64, watoto wawe wangapi. Jumanne pamefungwa. Mona Lisa mtaichungulia juu ya vichwa na simu za watu. Ukitembea kwa miguu ukifuata mto, unafika Notre-Dame, iliyoanza kujengwa 1163, ikaungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Kuingia ni bure, na hata kuweka nafasi kwenye intaneti ni bure; anayekuuzia kiingilio cha kanisa anakuibia. Kinacholipiwa ni kupanda minara. Mwenye siku moja tu Paris, tena na watoto, ningemwambia aanzie hapo, Louvre aiache.

Lakini si kila kanisa kuu ni bure. Lile la Antwerp hutoza watalii kama euro 12, kwa sababu ya michoro mikubwa ya Rubens iliyomo ndani. Anayekuja kwa misa haulizwi tikiti, ila na yeye asizunguke na kamera padri akiwa altareni. Brussels kwenyewe, Kanisa Kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula, la tangu karne ya 13, liko karibu na stesheni ya kati na halitozi kiingilio.

Makumbusho ya Afrika, Tervuren, nje kidogo ya Brussels, ndiyo pekee ambayo ningelipia nikiwa nimekunja uso: karibu euro 12 ili Mkongo aone vitu vilivyotoka Kongo! Hata hivyo nenda. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa saba mchana, hulipi kitu, na tramu namba 44 kutoka kituo cha Montgomery inakupitisha msituni hadi huko.

London inavutia kwa sababu British Museum na National Gallery hazina kiingilio. Ila visa ya Schengen haikuingizi Uingereza. Ya kwao ni nyingine, na ada yake inazidi pauni 100. Bure ya namna hiyo ni ghali kuliko Louvre.

Na wafanyabiashara wetu ambao hawafiki Ulaya, huishia Dubai? Anayengojea mzigo wake ufungwe anaweza kupanda basi hadi Abu Dhabi, akaona Louvre ya huko, iliyofunguliwa 2017, kwa dirhamu zipatazo 65. Kanisa la karne za kati hatalipata, lakini visa anayo tayari. Asiende Jumatatu tu.