Mwanzi wa Kuvulia Unaotumainiwa

Mvuvi mzoefu wa mshipi, aketiye juu ya mawe makubwa ya pwani ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, hana shaka na mwanzi wake. Kambare akivuta, mwanzi hupinda mpaka ncha ikakaribia maji, naye hatishiki. Mgeni amwonapo husema kwamba mzee yule ana bahati, au ana dawa. Sivyo. Anajua mwanzi wake ulikatwa lini, ulikaushwa jinsi gani, na umejaribiwa mara ngapi. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuupata mwanzi wa namna hiyo.

Hasara ya mwanzi mbovu

Watu wengi hudhani ya kuwa mwanzi ukivunjika hasara ni samaki mmoja tu. Lakini mvuvi huona uchungu kupoteza mshipi na ndoana, akaingia majini kuvifuata. Nilipokuwa kijana mimi nilifanya hivyo, nikaingia mpaka kiunoni penye matete. Samaki nilimpata, na baadaye nikapata kichocho, nikakosa nguvu za kulima msimu mzima. Konokono wadogo wakaao penye majani ya pwani hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Pengine mna mamba pia. Basi mwanzi mrefu ulio imara humweka mtu pakavu, na hii ndiyo faida yake kubwa.

Kuchagua na kukata

Mwanzi ni wa jamii ya majani, si mti. Hufikia urefu na unene wake wote katika miezi michache, wala hauongezeki unene baadaye. Lakini wahitaji miaka 3 hivi upate kukomaa. Kwa hiyo usidanganywe na unene. Mwanzi mchanga una maganda yake bado, na ungaunga mweupe juu ya ngozi. Uliokomaa umekwisha kuyaangusha maganda, ngozi yake ina madoa, na ukiugonga hulia kwa sauti kavu. Chagua wa futi 12 hivi, wenye mafundo yaliyo karibu karibu.

Kata mvua za masika zikiisha, yaani mwezi wa Juni. Usiondoe matawi mara moja. Usimamishe mwanzi juu ya jiwe, pamoja na majani yake, mpaka yanyauke. Sababu yake ni hii: ndani ya mwanzi mna wanga, nao ndio chakula cha bungua. Majani yaliyo hai bado huendelea kuutumia wanga huo, na bungua akija hapati chakula kingi.

Kukausha na kunyosha

Sasa pogoa matawi, ukiangalia usijeruhi mafundo. Usiikwangue ngozi kwa kisu, maana nyuzi zenye nguvu kuliko zote ziko karibu na ngozi. Aiondoaye huondoa nguvu ya mwanzi. Ulaze kivulini juu ya vigingi vingi muda wa miezi 2, au chini ya dari ya jiko ambako moshi huwafukuza wadudu. Jua kali huupasua.

Penye kombo, upitishe juu ya makaa, bila ndimi za moto, huku ukiugeuza. Upatapo moto, unyoshe pole pole, ukaushike hivyo mpaka upoe. Halafu uupake mafuta.

Kuujaribu

Funga mshipi nchani, mwenzako auvute kwa taratibu. Mwanzi mwema hupinda kama upinde, toka ncha hata katikati, na uzito hugawanyika mahali pote. Ukipinda mahali pamoja tu kama kiwiko, pana ubovu hapo; usiuchukue ziwani. Kupinda si udhaifu. Mwanzi upindao humchosha samaki, na mshipi haukatiki kwa ghafula.

Walakini tumaini lina mpaka wake. Kwa sato na kambare wa kadiri mwanzi huu watosha. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, huweza kuuzidi uzito wa mtu mzima, naye si samaki wa mwanzi. Kwa hiyo mshipi uwe dhaifu kuliko mwanzi, ili akija mkubwa mno kikatike kilicho rahisi kununuliwa.

Kuutunza

Kila urudipo, ufute maji, uutundike, usiuegemeze ukutani, maana utapinda. Kila mwezi utazame: ukiona unga mwepesi unaanguka, bungua amekwisha kuingia. Ukiona ufa, zungusha uzi imara, kisha ujaribu tena kama mwanzo.

Ndugu mvuvi, kazi hii yote ni ya miezi michache, na sehemu kubwa yake ni kungoja. Lakini siku mwanzi utakapopinda mbele yako, nawe umesimama juu ya jiwe na miguu yako mikavu, hutajuta kwa kungoja. Na ukivunjika hata hivyo, mwache samaki aende na ndoana yake. Ndoana hununuliwa.