Jiwe, Uzi na Saa

Ukizunguka shule za kata za vijijini Tanzania, utakuta jengo lenye maandishi juu ya mlango: MAABARA YA FIZIKIA. Katika miaka ya mwisho ya uongozi wake, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Wananchi walichanga fedha, wakasomba mchanga na mawe, na kuta zikasimama. Lakini nimeshafunguliwa milango ya namna hiyo nikakuta sinki halina maji, rafu tupu, na pembeni viti vibovu vikisubiri fundi. Tulijenga chumba. Maji, umeme, kemikali na fundi sanifu wa kuandaa vifaa kabla ya kipindi vikaachwa vifuate baadaye.

Mwalimu naye ni mmoja. Anafundisha fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne, na mara nyingi hisabati pia ni yake. Kwa mzigo huo, masomo ya vitendo husogezwa mpaka mtihani wa taifa unapobisha hodi. Ndipo kemikali zinanunuliwa, na mwanafunzi anashika bureti, ule mrija wenye vipimo, kwa mara ya kwanza huku moyo ukimwenda mbio. Kabla ya hapo alikuwa akipima asidi ubaoni: mwalimu anachora bureti kwa chaki, anataja vipimo alivyoviandaa, darasa linanakili.

Juu ya hayo kuna lugha. Dukani sote tunasema uzito wa unga ni kilo 2, na muuzaji anatuelewa. Katika fizikia, hizo kilo 2 ni tungamo. Uzito ni kani ambayo dunia inauvutia huo unga, nayo ni takriban newton 20. Tofauti hiyo inahitaji mjadala hata kwa Kiswahili. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaikuta kidato cha kwanza kwa Kiingereza, pamoja na istilahi zote alizokwisha kuzizoea zikiwa zimebadilishwa majina. Ananyamaza. Mwisho wa mwaka tunaandika kwamba hajui fizikia.

Sasa nieleze kipindi kimoja nilichokiendesha kwa jiwe, uzi na simu yenye saa. Tulifunga jiwe kwenye uzi, tukalining'iniza kwenye tawi la mwembe, urefu wa mita 1 kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Kabla ya kuliachia niliuliza: jiwe zito zaidi litabembea haraka au polepole? Karibu darasa zima lilijibu: haraka. Tukahesabu kwenda na kurudi mara 20: sekunde 40 hivi. Tukafunga jiwe zito zaidi kwa urefu uleule: sekunde 40 tena. Minong'ono ikaanza. Tukafupisha uzi hadi sentimita 25, yaani robo. Wengi walitarajia sekunde 10. Saa ikasema 20. Urefu umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili tu. Hapo kipeuo cha pili, ambacho ubaoni kilikuwa alama ya kuogopesha, kikapata maana.

Kemia nayo ina njia zake. Chemsha choya (rozela), gawa maji yake mekundu katika vikombe viwili, kamulia ndimu kikombe kimoja na umimine maji ya majivu yaliyochujwa katika kingine. Cha ndimu wekundu wake unakolea, cha majivu kinageukia ukijani. Asidi na besi zimeonekana kwa macho.

Majaribio haya yasiwe kisingizio kwa serikali. Uzi haufanyi kazi ya hadubini, na choya haimwandai mtu kwa bureti ya mtihani. Walimu waajiriwe, wajengewe nyumba, maabara zipate maji na vifaa. Ila mtoto aliye darasani leo hawezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho.

Na swali la mwanafunzi linaweza kufika mbali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yaliyowekwa yakiwa baridi. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimpelekea swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, ambaye alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linaloitwa athari ya Mpemba.

Mzazi, kikao kijacho cha shule usiishie kuuliza wastani wa ufaulu. Uliza kidato cha kwanza walifanya jaribio lini mara ya mwisho. Wakikujibu kwamba hawana maabara, waulize kama hawana hata uzi.