Sura ya Tano: Kutumwa na Kutii

Ukiingia Kanisa Kuu la Kianglikana pale Mkunazini, Zanzibar, zitazame nguzo za upande wa magharibi kabla hujaifikia madhabahu. Zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Watembeza wageni wa Mji Mkongwe hawachoki kukisimulia kisa chake: Askofu Edward Steere alikuwa hayupo, mafundi wakazipandisha walivyoona wao, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alilifunga Juni 1873. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi, na Krismasi ya 1877 ikasaliwa ibada ya kwanza. Miongoni mwa waliobeba mawe ya matumbawe na kuchanganya zege la paa walikuwamo watu waliokombolewa utumwani.

Kuhubiri utii mahali kama hapo halikuwa jambo jepesi. Mtu aliyepitishwa mnadani alikwisha kutii kupita kiasi: alitii alipoamriwa kufungua kinywa meno yake yakaguliwe, akatii alipoamriwa kutembea huku na huku ili mnunuzi auone mwendo wake. Sasa anakuja mzungu mwenye kanzu nyeupe na kumwambia kwamba imani ni kutii.

Kiswahili nacho kiliongeza uzito. Bwana ni mwenye mtumwa, na Bwana ndiye Mungu anayeombwa kanisani. Mtumwa, mtumishi na mtume wote ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Paulo anapoufungua waraka wake kwa Warumi hujitaja kuwa mtumwa na kuwa mtume, majina mawili bega kwa bega. Mkulima wa shamba la misheni ya Kianglikana pale Mbweni hakuhitaji kufafanuliwa neno la kwanza. La pili ndilo lililokuwa geni kwake.

Tofauti ilikuwa katika kuulizwa. Mtumwa hutumwa bila kuulizwa. Mtu mzima anayebatizwa huulizwa mbele ya watu: je, anamkataa shetani, anaamini, yuko tayari kuzishika amri za Mungu? Lazima ajibu kwa kinywa chake, na wala bwana wala mnunuzi hawezi kumjibia.

Maisha, hata hivyo, hayakufuata mstari huo ulionyooka. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu William Tozer wa misheni hiyo wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi lililokamatwa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa Wakristo. Walikabidhiwa kama zawadi. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, waliendelea na masomo hadi wakapewa daraja la chini la utumishi kanisani mwaka 1870. Farajallah alifariki mwaka huohuo. Swedi aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879, na hapo jibu lilikuwa lake mwenyewe.

Aliyeujaribu utii huo mbali na macho ya wakubwa ni Cecil Majaliwa. Naye alikuwa mtoto aliyekombolewa, akasomea Kiungani, nje kidogo ya mji, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Kwa takribani miaka kumi na moja alifundisha na kubatiza kule, mara nyingi akiwa peke yake, bila askofu jirani wa kumuuliza au kumkagua.

Alirudi Unguja mwaka 1897, akijali elimu ya watoto wake. Utume ulikuwa na dai lake, na ubaba ulikuwa na la kwake. Mwaka huohuo hadhi ya utumwa ilifutwa katika sheria za Zanzibar. Majaliwa alikuwa amekwisha kuwa kasisi kwa miaka saba kabla sheria ya kisiwa haijaacha kutambua kwamba mtu anaweza kumilikiwa.

Baadaye alikuja askofu aliyeligeuzia dola swali hilohilo la kuulizwa. Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908, alikuwa mkali: Mkristo aliyevunja masharti ya kanisa alizuiwa Ekaristi. Lakini mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilipotaka wapagazi wa vita, hakubaki barazani akiwaombea. Alipewa cheo cha meja, akaenda nao bara kwa miguu. Mwaka 1920, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipokuwa ikiwasukuma Waafrika kufanya kazi za walowezi, alichapisha kijitabu The Serfs of Great Britain kupinga kazi za kulazimishwa. Kwake, amri ya kumtuma mtu bila kumuuliza ilikuwa inagongana na amri ya Mungu, na alijua ipi ya kufuata.

Mkunazini leo ibada husomwa kwa Kiswahili. Sakafuni, penye madhabahu, pana duara la marumaru. Wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere, aliyefariki 1882, na upande wa pili wa kanisa nguzo zake bado zimesimama kichwa chini.