Nani Alianzisha Vita vya Juba?

Jioni ya Desemba 15, 2013, risasi zililia katika kambi ya walinzi wa rais mjini Juba, Sudan Kusini. Kesho yake Rais Salva Kiir alitokea kwenye televisheni amevaa magwanda ya jeshi, akatangaza kwamba aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, amejaribu kumpindua. Machar, aliyekwisha kuutoroka mji, akaruka kimanga: hapakuwa na mapinduzi, bali Kiir alitafuta kisingizio cha kuwafyeka wapinzani wake ndani ya chama cha SPLM.

Hata kuhusu cheche yenyewe simulizi ni mbili. Wengine husema walinzi wa kabila la Wanuer walitakiwa kusalimisha silaha, wakagoma. Wengine husema wafuasi wa Machar ndio walioivamia ghala ya silaha.

Ugomvi ulikuwa wa siku nyingi. Julai mwaka huo Kiir alimfuta kazi Machar pamoja na baraza zima la mawaziri. Desemba 6, Machar na wenzake, akiwemo Rebecca Nyandeng, mjane wa John Garang, mwasisi wa SPLM, walimlaumu rais hadharani mbele ya wanahabari. Kikao cha chama kilichofuata, badala ya kupatanisha, kiliongeza chumvi kwenye kidonda.

Umoja wa Afrika uliunda tume chini ya Olusegun Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria. Ripoti yake, iliyotolewa hadharani Oktoba 2015, haikuona ushahidi wa jaribio la mapinduzi. Iliona walinzi waliogeukiana wenyewe kwa wenyewe. Kisha ikaeleza jambo zito zaidi: mauaji ya raia wa Kinuer mjini Juba yaliyofuata hayakuwa hasira za ghafla, yaliratibiwa. Katika kituo cha polisi cha Gudele, mamia ya wanaume walirundikwa ndani, wakamiminiwa risasi kupitia madirishani. Wapiganaji wa upande wa Machar nao walichinja raia katika miji ya Bor na Bentiu.

Ndiyo maana mjadala wa risasi ya kwanza umewafaa wakubwa wote wawili. Kila mmoja hubishana kuhusu dakika ile ya kambini, na maiti za wiki zilizofuata zinakosa mwenyewe. Arusha, Oktoba 2014, makundi ya SPLM yalikubali kuwajibika kwa pamoja. Lugha tamu hiyo, maana kosa la wote halimpeleki yeyote kizimbani.

Septemba 2025 Machar alifunguliwa mashtaka ya uhaini na mauaji, lakini kwa mapigano ya mji wa Nasir ya mwaka huo, si kwa Desemba 2013. Mahakama maalumu ya kuhukumu uhalifu wa vita vilivyoanza Desemba 2013, iliyoahidiwa katika mkataba wa amani wa Agosti 2015, ilitimiza miaka kumi ya ahadi bila kusikiliza kesi hata moja.